Tofaa moja, warembo watatu: shajara ya sauti ya dakika saba

Jumamosi, 11 Januari

Mradi huu ameuanzisha shangazi, ingawa mwenyewe hajui. Mwezi uliopita alikuja kututembelea kutoka Tanga, na siku moja ya mvua nikampeleka National Gallery, jumba la picha pale Trafalgar Square, London, kwa sababu kuingia ni bure na ndani kuna joto. Alipita vyumba vingi bila kusema neno, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la jirani. Mbele ya picha moja akasimama.

"Hawa wanawake watatu wamevua nguo mbele ya vijana wawili. Kuna nini hapa?"

Nikamwambia ni hadithi ya kale ya Wagiriki, mashindano ya uzuri, yule kijana aliyeketi ndiye hakimu.

"Na uhakimu kapewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda kunywa chai.

Shangazi amesharudi Tanga, swali limebaki hapa kwangu. Nimeamua kumtengenezea sauti ya dakika saba, Kiswahili kitupu, ili aisikilize huku picha iko kwenye simu yake. Ikitoka vizuri nitaiweka kwenye grupu la ukoo. Humu naandika kila hatua, maana najijua: nikikata kitu leo, kesho nakitafuta.

Picha yenyewe ni Hukumu ya Paris (Paris ni jina la yule kijana hakimu, si jiji) ya Peter Paul Rubens, Mflemi wa Antwerp, Ubelgiji ya leo. Jumba linaiweka kati ya 1632 na 1635. Rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni, upana karibu sentimita 194, kimo 145. Yaani kitanda cha futi sita kwa tano ukikilaza ukutani.

Ijumaa, 17 Januari

Ijumaa wanafunga saa tatu usiku, kwa hiyo nimetoka zamu nikaenda moja kwa moja. Nimekaa mbele ya picha zaidi ya saa nzima. Nilidhani nitachoka baada ya dakika kumi.

Haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari nikiwa nimesimama, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa kwanza ni Minerva, Athena wa Wagiriki, mwenye vita na hekima. Chini yake kuna ngao yenye kichwa cha Medusa, kinywa wazi, nywele nyoka. Katikati ni Venus, mwenye mapenzi. Wa tatu ni Juno, mke wa mkuu wa miungu, naye ametupa mgongo. Joho lake jekundu la mahameli, lenye manyoya kwa ndani, linamteleza. Upande wa kulia Paris ameketi na tofaa la dhahabu mkononi, nyuma yake amesimama Mercury, tarishi wa miungu. Juu mawinguni yuko kiumbe mwenye mwenge, ambaye nusu saa ya kwanza sikumwona kabisa.

Chini kabisa, mahali ambapo jicho halina haraka ya kufika, tausi wa Juno anamkaripia mbwa wa Paris. Hao wawili peke yao ndio wanaogombana waziwazi. Wakubwa wao bado wana adabu za mbele za watu.

Kitu kimoja nimekiangalia kwa karibu kadiri inavyoruhusiwa: ngozi. Kwa mbali unaona nyeupe na waridi. Ukisogea unakuta kijivu cha samawati pale mwili unapoanza kuzunguka kuelekea kivulini, na wekundu kwenye viwiko na magoti, kama mtu aliyetoka kufua. Kwenye vivuli rangi ni nyembamba mno, hata ule mpako wa chini wa hudhurungi unachungulia, na mistari ya brashi yake inaonekana. Palipo na mwanga ameipaka nzito. Basi, hiyo ndiyo siri ya nyama za Rubens kuonekana zina damu ndani.

Kosa langu la leo: kwenye rasimu ya kwanza nilimwandika Juno kuwa ndiye mwenye ngao. Nimefuta.

Jumapili, 19 Januari

Nimeanza kuandika hadithi yenyewe nikakwama kwenye tunda.

Kisa ni hiki. Peleus, shujaa wa Kigiriki, anamwoa Thetis, mungu wa baharini, miungu yote imealikwa isipokuwa Eris, ambaye kazi yake ni fitina. Kila aliyewahi kuandaa harusi kwetu anajua mtu wa namna hiyo, na anajua ni hatari gani kumruka kwenye kadi. Eris anakuja hivyohivyo, anatupa tofaa la dhahabu katikati ya wageni. Limeandikwa: kwa aliye mzuri kuliko wote. Watatu wanalidai.

Sasa, "tofaa". Rafiki yangu wa Mombasa anasema tofaa ni tofaa, lile la dukani, jekundu au kijani. Kwa mtu aliyekulia Unguja tofaa ni lile tunda la waridi lenye umbo la kengele, la majimaji, linaloota uani, na hilo lingine ni tufaha. Shangazi mwenyewe husema epo. Nimejaribu "epo la dhahabu" kwa sauti nikacheka peke yangu jikoni. Nimebaki na tofaa. Wa Unguja watanisamehe, na kama wataona tunda la waridi mkononi mwa Paris, picha haitaharibika.

Maandishi yamenisumbua zaidi. Kigiriki kinasema *kallistē*, na umbo la neno linatangaza kwamba tuzo ni ya mwanamke. Kiswahili hakina jambo hilo. Ukiandika "kwa mzuri kuliko wote", hata bwana harusi anaweza kunyoosha mkono, hata Mercury, hata Paris mwenyewe akajipa akaondoka zake, na Vita vya Troy visitokee. Nimecheza na wazo hilo jioni nzima. Mwishowe nimeandika "kwa mrembo wa warembo". Mrembo naye kisarufi anaweza kuwa yeyote, lakini sikioni ni mwanamke.

Na hapo kuna hasara. Urembo ni wa kujipamba, hereni na wanja. Uzuri unaingia hadi tabia: mtu mzuri, chakula kizuri, neno zuri. Lile tofaa lilitaka uzuri, mimi nimelipunguza likawa la urembo. Naacha ilivyo, kwa sababu Paris naye ndivyo alivyolielewa.

Jumatano, 22 Januari

Kidogo tu leo, nimechoka. Bundi. Kule kushoto, nyuma ya Minerva, yuko bundi wake. Nikisema "bundi" kwenye sauti, nusu ya wasikilizaji wangu watasema astaghfirullah na kutazama paa. Lazima niongeze sentensi kwamba kwa Wagiriki bundi alikuwa ndege wa Minerva, alama ya akili. Sekunde saba hizo. Ila nikiwaza, kwenye picha hii maana zote mbili zinafanya kazi. Mwenye akili atakosa tuzo, na baada ya hapo watu watakufa.

Ijumaa, 31 Januari

Leo nimepata nilichokuwa nakitafuta, na nimekipata kwenye picha nyingine.

Nilikwenda kumtazama yule wa mawinguni. Jina lake ni Alecto, mmoja wa wale pepo wa kisasi, na hapa ametajwa kama pepo wa vita. (Nimekataa kumwita jini. Jini ana ukoo wake, ana dini yake, ana mambo yake ya pwani. Nikimwita hivyo wasikilizaji watauliza anataka nini, ubani au mbuzi.) Mwenge wake ulinikumbusha kitu cha mwanzo wa hadithi. Hecuba, mama yake Paris, alipokuwa mjamzito aliota amezaa mwenge unaowaka. Watabiri wakasema mtoto huyu ataichoma Troy, mji wao, ndiyo maana akatupwa mlimani Ida akalelewa na wachungaji. Mtoto wa mfalme anachunga mifugo kwa sababu ya ndoto ya moto, na siku anayotoa tofaa, moto uko juu ya kichwa chake. Yeye hauoni. Hakuna anayeuona. Hilo la kuunganisha mwenge na ndoto ni langu, sitalisema kama jambo lililothibitishwa.

Halafu nikatembea kidogo nikakutana na picha nyingine ya Rubens, Minerva akimlinda Amani dhidi ya Mars. Aliichora hapahapa London 1629 hadi 1630, akampa Mfalme Charles I. Rubens hakuja kama mchoraji tu. Alitumwa na mfalme wa Hispania kutengeneza amani kati ya Hispania na Uingereza, na ilipatikana 1630. Katika picha ile Minerva amevaa kofia ya chuma, anamsukuma Mars, mungu wa vita, atoke nje. Na nyuma ya Mars yuko nani? Alecto yuleyule.

Nimerudi mbio kwenye Hukumu kama mtu aliyesahau mkoba. Minerva huyohuyo. Lakini hapa silaha ziko chini, ngao haimkingi mtu, amevua kila kitu ili apimwe kwa urembo pamoja na wenzake. Aliyekuwa na kazi ya kumzuia Alecto mlangoni yuko kwenye foleni ya mashindano. Kwa nini basi Alecto asiingie?

Miaka michache tu imepita kati ya picha hizi mbili. Nchi ya Rubens ilikuwa vitani tangu kabla hajazaliwa: vita vya Uholanzi na Hispania vilianza 1568, yeye kazaliwa 1577, kafariki 1640, na amani ikasainiwa 1648. Hakuiona. Mtu wa namna hiyo akichora mashindano ya urembo, siamini kwamba alikuwa anawaza miili peke yake. Alikaa mezani na wafalme, aliona jinsi mkubwa anavyochagua kinachompendeza leo na bili ikalipwa na watu wa mbali.

Hii ndiyo itakuwa katikati ya sauti yangu. Mengine yote yatapungua ili hili lipate nafasi.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimelijibu swali la shangazi. Uhakimu alipewa na Jupiter, mkuu wa miungu, kwa sababu mwenyewe hakutaka kesi. Juno ni mkewe, Minerva ni bintiye. Achague yupi alale kwa amani? Akamwita Mercury, akamwambia wapeleke mlimani kwa yule mchungaji. Tunaijua tabia hiyo. Faili zito halikai kwenye meza kubwa, linashuka ngazi hadi lifike kwa mtu asiye na mahali pa kulishushia.

Kisha watatu wakaanza kuahidi. Juno: utawala. Minerva: ushindi vitani. Venus: mwanamke mzuri kuliko wote duniani, Helen, ambaye alikuwa tayari mke wa Menelaus wa Sparta. Paris akampa Venus tofaa, akamchukua Helen hadi Troy, Wagiriki wakaja kumdai, na hiyo ndiyo vita.

Niite nini ahadi hizi? Niliandika "zawadi", nikafuta, kwa sababu zawadi haina masharti. "Hongo" ni sahihi lakini kavu. "Kitu kidogo" ni ya barabarani, na utawala si kitu kidogo. "Chai" nimeipenda lakini hailingani na mandhari. Ndipo likaja neno lenyewe: takrima. Wenzangu wa Tanzania wa umri wangu watacheka kabla sijamaliza. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na 2006 Mahakama Kuu ikafuta vifungu hivyo. Kati ya miaka hiyo miwili, sahani ya pilau ilikuwa na jina la heshima. Miungu hawa wanatoa takrima. Hakuna hata mmoja anayejiona anahonga, kila mmoja anamkirimu tu kijana wa watu.

Msikilizaji wa Kenya au Kongo huenda asilikamate, kwa hiyo nitasema "takrima, au kwa lugha iliyonyooka, hongo". Sentensi moja, tunaendelea.

Kwa usomaji huu uzuri wa Venus haukuwahi kuamuliwa. Paris hakutangaza nani mzuri, alitangaza amekubali mzigo upi. Hata kama Venus kweli ndiye aliyewazidi, hatutajua kamwe, maana hukumu imeshachafuka. Juno na Minerva walikuwa na haki ya kukata rufaa, tatizo ni kwamba nao mikono yao haikuwa safi.

Kuna ushahidi wa ubao wenyewe unaonipa nguvu. Picha hii haikuanza hivi ilivyo sasa. Mpangilio wa kwanza ulikuwa wa dakika ya nyuma kidogo, Mercury anawaagiza wale watatu wavue, na vitoto vyenye mabawa vinasaidia kuvuta nguo. Nakala iliyoko Dresden, Ujerumani, imeuhifadhi mpangilio huo. Baadaye dakika ya kuvua ikafunikwa, ikaja dakika ya kutoa tofaa. Mwanzo picha ilihusu macho ya Paris, sasa inahusu mkono wake. Ningekuwa na dakika ishirini ningekaa hapa tu.

Alhamisi, 13 Februari

Uchi. Nimeukwepa wiki nne.

Nimetuma rasimu ya maandishi kwa watu watatu kabla ya kurekodi. Binamu aliyeko Muscat kajibu: "Maneno mazuri, lakini picha usiiweke kwenye grupu, mama mkubwa yumo." Rafiki wa Mombasa hakuwa na shida na utupu, kanitumia mstari mmoja tu: "Huyo Juno kafungasha." Kweli kafungasha. Wazungu wa leo wakisimama mbele ya Rubens neno la kwanza ni unene, wengine wanalisema kwa huruma kama wanaoona wagonjwa. Mimi nimekaa pale siku tatu sijaona mgonjwa. Nimeona wanawake wa kawaida wa harusini, waliokula wakashiba, na joho la Juno linavyoteleza mgongoni ni kanga inayofunguka, unajua sekunde mbili zijazo mkono utarudi kuikamata.

Binamu asidhani ameanza yeye. Mwishoni mwa maisha yake, 1638 hadi 1639, jongo likimtesa mikono, Rubens aliichora upya hadithi hii kwa ajili ya Felipe IV wa Hispania, kubwa zaidi, karibu mita nne kwa upana. Iko jumba la Prado, Madrid. Ndugu yake mfalme, Kadinali Ferdinand, aliyekuwa gavana kule Flandria, aliisimamia kazi hiyo, na Februari 1639 alimwandikia kaka yake kwamba ni nzuri sana, kasoro yake moja tu miungu wale wako uchi kupita kiasi. Akaongeza kwamba Venus wa katikati ni sura ya mke wa mchoraji, na kwamba ndiye mzuri wa wazuri wa huko. Barua moja, malalamiko na kuchungulia humohumo. Katika karne ya 18 Mfalme Carlos III wa Hispania alitaka picha za utupu za kifalme zichomwe moto. Hazikuchomwa.

Mke huyo ni Helena Fourment. Aliolewa Desemba 1630, ana miaka 16, bwana ana 53 na ni mjane. Niliandika hesabu hiyo nikaiacha ikae siku nzima, na bado hainikai vizuri. Rubens alijipa kazi ya Paris: kati ya wanawake wote akachagua kijana mzuri, akamchora kama Venus, akaupelekea ulimwengu uamuzi wake. Watu husema ni mapenzi. Labda. Helena hakuacha neno lolote ninaloweza kulinukuu kwenye sauti yangu.

Uamuzi: picha naweka kiungo, asiyetaka asifungue. Kwenye sauti nasema "wamevua", sisemi "uchi". Shangazi mwenyewe ndivyo alivyosema, na hakuona haya.

Jumapili, 16 Februari

Kurekodi. Mara ya kwanza dakika kumi na nne. Mara ya pili mashine ya kufulia ya jirani ilianza kukamua nilipofika kwa Alecto, na nakiri ilimfaa, lakini nimerudia. Ya tatu simu imejaa, imekata katikati ya takrima. Nimefuta video za harusi ya mwaka juzi.

Nimekata: harusi ya Peleus imebaki sentensi mbili, Dresden imetoka, Madrid imetoka yote isipokuwa malalamiko ya Kadinali. Bundi amebaki. Mwenge umebaki. Tausi na mbwa nimewapa sekunde ishirini kwa sababu nawapenda.

Mara ya tano: dakika saba na sekunde arobaini. Inatosha. Nimemtumia shangazi peke yake kwanza, nikamwambia asubiri bando la usiku.

Jumatatu, 17 Februari

Jibu limekuja alfajiri, sauti ya dakika tatu, na majogoo nyuma yake. Nimekuelewa, anasema. Jupiter kakwepa, hilo alilihisi tangu mwanzo, mwanamume mwenye mke na binti hawezi kuhukumu nyumba yake. Takrima amecheka mpaka kakohoa. Minerva kuvua silaha anasema ni kosa la Minerva mwenyewe, asingekubali kuingia mashindano na kazi yake anaijua.

Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia anamfukuza kuku, akarudi: "Ila mwanangu, wewe umesema huyo kijana ni mchungaji. Saa zote hizo amekaa anatazama wanawake, kondoo wako na nani?"

Nimesikiliza sauti yangu yote upya. Kondoo sijawataja hata mara moja. Ijumaa narudi kuwatafuta.